Potasiamu ya mama imeshuka hadi 2.8: ndizi na madafu vitatosha?

BintiTanga ameuliza:

Wataalamu, habari za jioni. Namuuguza mama mzazi, miaka 58, mgonjwa wa presha. Anatumia amlodipini mg 5 na HCTZ (dawa ya presha ya kukojoza). Mwezi uliopita kliniki walimpandishia HCTZ kutoka mg 25 hadi mg 50. Sasa miguu inamwishia nguvu akipanda ngazi au akitaka kuinuka mkekani, vigimbi vinamkaza usiku, choo kimekuwa kigumu, na anasema kuna wakati moyo unaruka pigo.

Majibu ya damu ya leo: potasiamu 2.8 mmol/L (milimoli kwa lita), sodiamu 137, kreatinini (kipimo cha figo) 74. Sukari iko sawa. Hatapiki wala haharishi, na chakula anakula.

Majirani wanasema nimpe ndizi mbivu na madafu, itapanda yenyewe. Naomba kuelewa: potasiamu inafanya kazi gani mpaka ikipungua mtu aishiwe nguvu? Imeshukaje wakati anakula? Ndizi zitatosha? Na ni dalili zipi nikiziona nisingoje kliniki ya wiki ijayo?

---

Tabibu wa Wodini:

Dada, pole kwa kuuguza. Naanza na swali lako la mwisho maana ndilo la haraka: usingoje wiki ijayo. Kiwango cha kawaida ni 3.5 hadi 5.0. Kati ya 3.0 na 3.4 ni upungufu mdogo, 2.5 hadi 2.9 ni wa kati, chini ya 2.5 ni mkali. Mama yuko kwenye wa kati, lakini moyo unaoruka mapigo unabadilisha hesabu. Mpeleke leo hii mahali penye kipimo cha ECG (umeme wa moyo), na ubebe hayo majibu ya damu pamoja na dawa zake zote kwenye mfuko mmoja. Kwenye ECG wataangalia kama mawimbi ya T yamelala, kama kuna wimbi dogo la U linalofuata nyuma yake, na kama kuna mapigo yanayojitokeza nje ya mpangilio.

Njiani au nyumbani, ukiona amezimia, moyo unakwenda mbio ovyo, udhaifu unapanda kutoka miguuni kuja mikononi, hawezi kuinua kichwa kutoka kwenye mto, anapumua kwa shida, tumbo limejaa na hata upepo haupiti, au mkojo umegeuka rangi ya chai, hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo. Mkojo wa rangi hiyo maana yake misuli imeanza kuvunjika na mabaki yake yanapita kwenye figo.

Sasa kazi yenyewe. Potasiamu karibu yote, asilimia 98 hivi, inakaa ndani ya seli. Ndani ya seli kuna takriban mmol 140 kwa lita, nje kwenye damu ni 4 tu. Tofauti hiyo inalindwa na pampu zilizoko kwenye ukuta wa kila seli: kila mzunguko zinatoa sodiamu tatu nje na kuingiza potasiamu mbili ndani. Tofauti hiyo ndiyo inayozaa umeme ambao neva hutumia kupeleka amri na misuli hutumia kujikunja. Potasiamu ya nje ikishuka, ukuta wa seli ya msuli unakuwa mgumu kuamshwa. Amri inafika, msuli hauitikii sawasawa. Misuli mikubwa ya mapaja na nyonga hulalamika mapema, ndiyo maana ngazi na kuinuka chini vinamshinda kabla ya kushika kikombe.

Utumbo nao ni msuli, ukilegea choo kinakawia. Moyo una namna yake: baada ya kila pigo unachelewa kurudi kwenye utulivu, na katika uchelewaji huo ndipo mapigo ya ziada hupata nafasi. Kuna dalili nyingine ambayo wengi hawaihusishi na potasiamu: kuamka usiku mara nyingi kukojoa na kusikia kiu, kwa sababu figo zinashindwa kuukaza mkojo.

Kuhusu kushuka: chakula peke yake ni nadra kuwa chanzo, kwa sababu figo zikiona potasiamu ni kidogo huibana. Ukiona imeshuka hivi, tafuta inakopotelea. Kwa mama, mtuhumiwa wa kwanza ni HCTZ. Dawa hii inazuia sodiamu isirudi mwilini katika sehemu moja ya mrija wa figo, hivyo sodiamu nyingi inafika sehemu ya mbele zaidi, ambako mwili hujaribu kuiokoa kwa kubadilishana na potasiamu. Kadiri dozi inavyopanda ndivyo potasiamu inavyomwagika, na mteremko huonekana zaidi wiki chache za mwanzo baada ya kuanza au kuongeza dozi. Mwezi uliopita walipandisha mpaka mg 50. Hesabu inakubali. Chumvi nyingi kwenye chakula inaongeza hasara hiyohiyo, kwa sababu inaleta sodiamu zaidi ya kubadilishana.

Nina swali kabla sijaendelea. Je, anatumia dawa yoyote ya kulainisha choo, hasa sanamaki? Anavuta dawa ya pumu? Ana dawa yoyote ya asili ya "kusafisha mwili"?

---

BintiTanga:

Nashukuru sana daktari, tunajiandaa kutoka. Sanamaki ndiyo, anachemsha kila usiku tangu choo kilipokuwa kigumu. Pumu hana.

---

Tabibu wa Wodini:

Basi hapo pana duara. Potasiamu ilishuka kwa HCTZ, utumbo ukalegea, akaona hapati choo, akaanza sanamaki. Sanamaki inausukuma utumbo mpana utoe maji, na maji ya utumbo mpana yana potasiamu nyingi kuliko damu. Choo kikipatikana, potasiamu imepungua zaidi, na kesho utumbo unalegea tena. Aache sanamaki usiku wa leo. Choo kitajirekebisha chenyewe kadiri potasiamu inavyopanda. Kikizidi kukawia, waulize huko mnakokwenda dawa ya kulainisha inayomfaa.

Waambie kuhusu sanamaki wakikuuliza na hata wasipouliza. Watu wengi hawaihesabu kuwa ni dawa, kwa hiyo haiandikwi kwenye faili.

Amlodipini aendelee nayo. HCTZ ya kesho asubuhi asimeze kabla hajaonwa. Kwa 2.8 na mapigo yanayoruka, naamini wataisimamisha au kuirudisha chini sana na kumpangia dawa nyingine ya presha.

---

Mfamasia wa Zamu:

Naongeza upande wa dawa, maana hapa ndipo makosa hutokea.

Vidonge vya kloridi ya potasiamu vya mg 600 vinabeba mmol 8 kila kimoja. Kwa mtu mzima mwenye figo nzima, matibabu ya kawaida kwa mdomo ni mmol 40 hadi 80 kwa siku, zikigawanywa. Mfano vidonge 2 mara tatu ni mmol 48. Dozi anapanga aliyemwona mgonjwa, lakini ukijua hesabu hii utagundua haraka kama mtu ameandikiwa kidonge kimoja kwa siku kutibu 2.8. Kidonge kimoja hakifiki popote.

Namna ya kumeza ina maana kubwa. Anywe akiwa amekaa au amesimama, baada ya kula, na bilauri nzima ya maji, asilale kwa nusu saa. Vidonge hivi vimetengenezwa kutoa dawa polepole, kwa hiyo visipondwe wala kutafunwa. Kikikwama kwenye koo la chakula au kikipasuka sehemu moja ya tumbo, kinachoma na kuacha kidonda. Kama kumeza ni shida, ipo ya maji, nayo ichanganywe na maji mengi au juisi. Kichefuchefu ni cha kawaida. Maumivu makali ya tumbo au choo cheusi si vya kawaida.

Ya dripu ni kwa hospitali tu. Kichupa cha ml 10 cha kloridi ya potasiamu asilimia 15 kina mmol 20, na kikisukumwa moja kwa moja kwenye mshipa kinausimamisha moyo. Lazima kichanganywe ndani ya dripu na chupa igeuzwegeuzwe vizuri, maana potasiamu isipochanganyika inakaa chini na mgonjwa anaipata yote mwanzoni. Kwa mshipa wa mkono, mmol 40 kwa lita na mmol 10 kwa saa ndiyo mipaka inayofuatwa kwa kawaida. Kwenda kasi zaidi kunahitaji mashine ya kuangalia moyo muda wote. Maji yawe ya chumvi (normal saline), si ya glukosi, kwa sababu glukosi inaamsha insulini, na insulini inaisukuma potasiamu ndani ya seli, kiwango cha damu kinashuka badala ya kupanda.

Jambo la pili ni magnesiamu. HCTZ na furosemidi (nayo ni dawa ya kukojoza) vinamwaga magnesiamu pia. Magnesiamu ikiwa chini, milango ya potasiamu kwenye figo inabaki wazi, unampa vidonge na vinatoka kwenye mkojo. Kama baada ya siku kadhaa za dozi sahihi potasiamu haijasogea, hapo waulizeni kuhusu magnesiamu kabla ya kuongeza vidonge.

La tatu: asitumie potasiamu sambamba na enalaprili, lisinoprili, losatani au spironolaktoni bila vipimo vya karibu. Dawa hizo zinabakisha potasiamu mwilini. Ndiyo sababu mara nyingi mtu anayebadilishiwa kutoka HCTZ kwenda kwenye mojawapo ya hizo huachishwa vidonge vya potasiamu mapema. Septrin ya dozi kubwa nayo inaipandisha. Na kwa wenye kunywa digoksini (dawa ya moyo) ni kinyume: potasiamu ikishuka, dozi ileile ya digoksini waliyoizoea inaweza kugeuka sumu kwa moyo.

---

Lishe Pwani:

Ndizi na madafu ni vyakula vizuri, ila tuziweke kwenye mizani. Mmol 1 ya potasiamu ni mg 39. Ndizi mbivu ya wastani ina mg 420 hivi, sawa na mmol 11. Mtu aliyeshuka mpaka 2.8 mara nyingi amepungukiwa mmol 200 hadi 400 mwili mzima, kwa sababu damu inaonyesha asilimia 2 tu ya akiba. Ukitaka kujaza mmol 300 kwa ndizi pekee ni ndizi 27 juu ya chakula cha kawaida, wakati huo HCTZ na sanamaki vinaendelea kumwaga. Halafu potasiamu ya matunda haikuja na kloridi. Aliyepoteza kwa dawa ya kukojoza amepoteza kloridi pia, na bila kloridi figo hazishiki potasiamu vizuri. Kwa hiyo kutibu ni kwa kloridi ya potasiamu. Chakula ni cha kuzuia isishuke tena.

Kwa kuzuia, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2012 watu wazima wapate angalau mg 3,510 kwa siku, na chumvi isizidi gramu 5. Sahani zetu nyingi zinakosa hapo. Wali mweupe una mg 35 tu kwa gramu 100. Asubuhi chai na mkate mweupe, mchana wali na mchuzi mwepesi, usiku ugali na dagaa wachache: mtu ameshiba na potasiamu iko chini.

Tazama tofauti: mchicha uliopikwa una takriban mg 640 kwa gramu 100, parachichi 485, maharage yaliyochemshwa 400, mbatata iliyochemshwa na ganda 380, tende zaidi ya 650, ukwaju zaidi ya 600. Glasi ya maziwa ina 350 hivi. Dafu linategemea umri na ukubwa, lakini glasi ya ml 250 hutoa kati ya mg 400 na 600. Ukimpikia mama maharage mchana na mchicha pembeni, nusu parachichi, kisha jioni futari ya viazi vitamu au ndizi mbichi, umeshavuka mg 2,500 bila kununua kitu cha ajabu.

Potasiamu haiungui kwa moto, inatoroka na maji. Ukichemsha mchicha kwenye sufuria ya maji tele na kuyamwaga, umemwaga nayo. Pika kwa maji machache au mvuke, au maji hayo yatumie kwenye mchuzi. Tui la nazi halina shida hapa.

Kwa mgonjwa wa figo ni kinyume kabisa, na tafadhali msichanganye. Huyo anamenya viazi au mihogo, anakata vipande vidogo, anachemsha kwa maji mengi, anamwaga, ndipo anapika upya. Dafu moja au bakuli la maharage kwa mtu ambaye figo zimeshindwa kutoa mkojo linaweza kumletea hatari ya kweli.

---

Muuguzi Zahanati:

Kwa wanaosoma ambao tatizo lao ni kuharisha: ORS (dawa ya kurudisha maji mwilini) ya pakiti ya Shirika la Afya Duniani ina potasiamu mmol 20 kwa kila lita, ikitoka kwenye kloridi ya potasiamu gramu 1.5. Maji ya chumvi na sukari ya nyumbani (lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa, si vya kurundika) yanaokoa maisha pakiti isipokuwepo, lakini hayana potasiamu hata tone. Mtoto aliyeharisha siku tatu akinyweshwa hayo tu, maji mwilini yanarudi na shingo inabaki imelegea, tumbo linajaa. Mpe pia ndizi iliyopondwa au dafu, na pakiti ya ORS itafutwe. Watoto wenye utapiamlo mkali wana mchanganyiko wao maalumu wenye potasiamu mara mbili, nao hutolewa kituoni.

---

Fundi wa Maabara:

Nimeona wote mmeiamini 2.8, na pengine ni sahihi maana dalili zinaendana. Lakini potasiamu ni kipimo kinachoharibika kirahisi kuliko vingi, kwa hiyo kwenye kurudia angalieni haya.

Mkono usifungwe mpira muda mrefu na mgonjwa asiambiwe akunje na kukunjua ngumi. Misuli ikifanya kazi chini ya mpira inamwaga potasiamu, na namba inaweza kupanda hata mmol 1 nzima. Chembe nyekundu zikipasuka kwa sindano nyembamba au chupa kutikiswa kwa nguvu, potasiamu yao inaingia kwenye seramu (majimaji ya damu yanayobaki chembe zikitenganishwa). Kwa mgonjwa kama huyu, hilo ni baya zaidi kwa sababu linaficha upungufu: 2.8 ya kweli inasomeka 3.6 na anarudishwa nyumbani. Seramu ikiwa na rangi ya pinki, ombeni damu nyingine.

Damu nzima haiwekwi kwenye friji kabla ya kutenganishwa. Baridi inasimamisha zile pampu na potasiamu inavuja nje. Joto nalo lina tabia yake: chupa ikikaa saa kadhaa kwenye chumba cha joto, pampu zinakazana kuingiza potasiamu ndani ya chembe na namba inashuka kwa uongo, hasa kama chembe nyeupe ni nyingi kupita kiasi. Kituo kinachotuma sampuli mjini kwa bodaboda kitenganishe seramu kwanza, ndani ya saa mbili hivi.

Na kamwe damu ya chupa ya kifuniko cha zambarau isimiminwe kwenye ya nyekundu kwa sababu imepungua. Ile ya zambarau ina dawa ya kuzuia damu kuganda iliyotengenezwa kwa potasiamu. Ukiona potasiamu ya juu isiyoeleweka na kalisi ya chini sana kwenye karatasi moja, fikiria hilo mapema.

---

BintiTanga:

Mungu awabariki. Tumerudi. ECG ilionyesha mapigo ya ziada na mawimbi ya T yamelala, akawekewa dripu na kuangaliwa, potasiamu ikafika 3.3 wakaturuhusu. HCTZ wamesimamisha. Amepewa vidonge vya mg 600, viwili mara tatu, na arudi kupima baada ya siku tatu. Wamesema wakiona imekaa sawa watamwanzishia losatani. Nina mawili: je, namba ikifika 3.5 tuache vidonge? Na ile chumvi ya dukani iliyochanganywa na potasiamu inamfaa?

---

Tabibu wa Wodini:

Wamefanya vizuri. Msiache kwa sababu tu imegusa 3.5. Damu hujaa kabla ya misuli, kwa hiyo lengo ni kufika karibu 4.0 na kubaki hapo kwenye vipimo viwili. Losatani ikianza, waulizeni siku hiyohiyo kuhusu vidonge, maana hapo ndipo vinapopunguzwa au kuachwa. Kisha potasiamu na kreatinini vipimwe tena ndani ya wiki moja hadi mbili, hata kama anajisikia mzima. Ikipita 5.5 dawa inarekebishwa, ikifika 6.5 ni dharura, na potasiamu ya juu mara nyingi haina dalili mpaka moyo unapoyumba.

Chumvi yenye kloridi ya potasiamu ina faida ya kweli. Utafiti mkubwa wa vijijini China uliochapishwa 2021 ulitumia mchanganyiko wa robo tatu chumvi ya kawaida na robo potasiamu, na kiharusi kilipungua. Ila kwa mama, katika wiki hizi za vidonge na losatani mpya, iacheni kwanza. Mpunguzieni chumvi ya kawaida kwa kutumia ndimu, tangawizi na ukwaju.

Na kuna kitu kimoja msikubali kipite. Kama potasiamu itashuka tena bila HCTZ na bila sanamaki, mwombeni daktari amchunguze homoni ya aldosteroni (inayoziamuru figo zitoe potasiamu) pamoja na renini inayoiongoza. Kuna watu ambao presha yao inatokana na tezi za juu ya figo kutoa aldosteroni kupita kiasi, na HCTZ inawashusha potasiamu haraka kuliko wengine. Kipimo hicho kifanyike potasiamu ikiwa imesharekebishwa, kwa sababu ikiwa chini aldosteroni nayo hushuka na tatizo linajificha. Kukusanya mkojo wa saa 24 nako kunasaidia: potasiamu ya damu ikiwa chini na mkojo ukaendelea kutoa zaidi ya mmol 30 kwa siku, hasara iko kwenye figo. Mkojo ukiwa na kidogo, rudini kutafuta hasara tumboni.

---

Mfamasia wa Zamu:

Dogo la mwisho, dada. Ile HCTZ iliyobaki nyumbani itoe kabisa kwenye kopo la dawa zake, na kwenye kadi ya kliniki waandike kwa nini ilisimamishwa na namba ya potasiamu siku hiyo. Asiyeijua habari yake akiona presha 160 anaweza kumwandikia tena ileile.